Machungwa 10, mabovu 3: kwa nini mimi napata 9/100 na kitabu 1/15?

ChumbageniMpya
Wakuu, habari za jioni. Naanza takwimu mwenyewe, nimekwama sehemu tatu.

1. Kapu lina machungwa 10 ya Muheza, 3 yameoza. Unatoa mawili bila kuangalia. Uwezekano wa yote mawili kuwa mabovu? Nimezidisha 3/10 × 3/10 = 9/100. Kitabu: 1/15. Kisha "angalau moja bovu": nimejumlisha 3/10 + 3/10 = 6/10. Kitabu: 8/15.

2. Tuseme pweza 7 wamepimwa pale Deep Sea, soko la samaki Tanga, kwa kilo: 0.8, 1.0, 1.1, 1.2, 1.4, 1.5, 4.2. Wastani napata 1.6, lakini sita kati ya saba wako chini ya hapo! Na mkengeuko sanifu (kipimo cha jinsi uzito unavyotawanyika kutoka kwenye wastani) kikokotoo kinanipa 1.08, kitabu 1.17.

3. Sarafu ya 500 nimeirusha mara 10, upande wa Karume umetokea mara 7, wa nyati mara 3. Sarafu ina kasoro?

MzaniWaNgamiani
Mkuu, kwenye la kwanza hukukosea kuzidisha, umesahau kapu. Ukishatoa bovu moja, yamebaki 9, na mabovu ni 2. Kwa hiyo 3/10 × 2/9 = 6/90 = 1/15. Ile 9/100 yako ni jibu sahihi la swali jingine: toa, tazama, rudisha, changanya, toa tena. Kila unapotoa, andika pembeni hali ya kapu ("10, mabovu 3", halafu "9, mabovu 2") kabla hujagusa sehemu yoyote.

"Angalau moja" igeuze. Kinyume chake ni "hakuna hata moja": 7/10 × 6/9 = 42/90 = 7/15. Toa kwenye 1, unabaki na 8/15. Kujumlisha kunafaa moja kwa moja pale tu matukio mawili hayawezi kutokea pamoja. Hapa yanaweza, na ile hali ya yote mawili mabovu umeihesabu mara mbili. Ipunguze mara moja: 9/15 − 1/15 = 8/15. Njia mbili, jibu lilelile.

Hapo kuna mtego mwingine. Kama la kwanza hujaliona, uwezekano wa la pili kuwa bovu bado ni 3/10. Si 2/9, wala si 3/9. Chora mti wa matawi: bovu kisha bovu 6/90, zima kisha bovu 3/9 × 7/10 = 21/90, jumla 27/90, yaani 3/10. Kutoa chungwa ukiwa umefumba macho hakukupi habari yoyote kuhusu linalofuata. 2/9 inaingia pale unapojua kwamba la kwanza lilikuwa bovu.

MtoMkulumuzi
Nichukue pweza. Jumla yako ni sahihi, 11.2 ÷ 7 = 1.6. Anayekuvuruga ni yule wa 4.2. Ukimtoa, wastani unashuka hadi 1.17 hivi. Thamani ya kati, yaani ya nne baada ya kuwapanga, ni 1.2, na hata yule mkubwa angekuwa wa kilo 9 isingetikisika.

Ila usimfute kwa sababu anakukera. Kwanza uliza kama mtu aliandika 4.2 badala ya 1.42, au kama alipimwa pamoja na ndoo. Akiwa halali, abaki. Na kati si bora siku zote: anayetaka kujua "pweza wa kawaida yukoje" atumie kati, lakini mchuuzi anayekadiria kilo za pweza 200 anahitaji wastani, kwa kuwa wastani ukizidisha kwa idadi unapata jumla. Kati haikupi hilo.

Mkengeuko: toa 1.6 kwa kila uzito. Unapata −0.8, −0.6, −0.5, −0.4, −0.2, −0.1 na 2.6. Jumla yake lazima iwe 0. Isipokuwa sifuri, rudi nyuma, wastani wako si sahihi. Vipeo vya pili: 0.64, 0.36, 0.25, 0.16, 0.04, 0.01, 6.76, jumla 8.22. (Tazama jinsi pweza mmoja alivyochukua 6.76 peke yake.) Gawa kwa 7 kisha chukua kipeuo cha pili, 1.08. Gawa kwa 6, 1.17.

Zote ni sahihi, ila kwa maswali tofauti. Kama hao 7 ndio wote unaowazungumzia, gawa kwa 7. Kama ni sampuli ya pweza wengi zaidi, gawa kwa 6: wastani umeuchota kwa haohao saba, hivyo uko karibu nao kuliko wastani halisi wa pweza wote, na tofauti zinaelekea kutoka ndogo kuliko inavyopaswa. Ni marekebisho yanayoitwa kwa jina la Bessel. Kwenye kikokotoo σx inagawa kwa 7, sx kwa 6. Kwenye Excel ya kompyuta ni STDEV.P (kwa 7) na STDEV.S (kwa 6).

ChumbageniMpya
Kumbe nilibonyeza σx. Na sarafu?

MzaniWaNgamiani
Haina ushahidi wa kasoro. Mirusho 10 ina mifuatano 1024. Yenye Karume 7, 8, 9 na 10 ni 120 + 45 + 10 + 1 = 176, na 176/1024 ni karibu 0.17. Ukihesabu pia upande wa nyati kutokea 7 au zaidi, inakuwa 0.34, yaani zaidi kidogo ya mara moja kati ya tatu. Hata 5 kwa 5 kamili hutokea 252/1024, chini ya robo. Ungerusha 100 ukapata 70, hapo ningeshtuka, maana mkengeuko sanifu wa idadi ya Karume ni √(100 × 0.5 × 0.5) = 5, na 70 iko mikengeuko minne juu ya 50.

Wala usidhani nyati sasa "anadaiwa". Kwenye kasino ya Monte Carlo mwaka 1913, ruleti (gurudumu la kamari lenye nyekundu na nyeusi) iliangukia weusi mara 26 mfululizo, na watu waliopoteza ni waliong'ang'ania kuwa nyekundu ni zamu yake.

MkekaUlichanika
Ndiyo maana mkeka (tiketi ya kubeti) wa mechi 5, kila moja ikiwa na uwezekano wa 0.6, una uwezekano wa kutoka wa 0.078 tu. Lakini mechi moja isitegemee nyingine, ndipo unazidisha hivyo.

MzaniWaNgamiani
Zoezi, ChumbageniMpya: machungwa 12, mabovu 4, toa matatu bila kurudisha. Angalau moja bovu?

ChumbageniMpya
1 − 8/12 × 7/11 × 6/10 = 1 − 14/55 = 41/55?

MzaniWaNgamiani
Sawa kabisa, 0.745. Ukirudisha kila mara inakuwa 1 − 8/27 = 19/27, yaani 0.704. Kabla ya kwenda mbele, niambie kwa nini ya pili ni ndogo.

ChumbageniMpya
Bila kurudisha, kila zima linalotoka linafanya mabovu yazidi kujaa kwenye yaliyobaki.

MzaniWaNgamiani
Ndiyo hiyo.