Magoti ya mama: diklofenaki, meloksikamu au selekoksibu?

Muulizaji
Ndugu wanajukwaa, naomba ushauri. Mama yangu ana miaka 67 na anaumwa magoti yote mawili. Daktari alipoona picha ya eksirei alisema gegedu limelika na mifupa inasagana. Kwa miezi kadhaa amekuwa akimeza diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, ambayo tunainunua duka la dawa bila cheti. Inamtuliza, lakini sasa ana kiungulia, na presha yake, ambayo hudhibitiwa kwa lisinoprili, imeanza kupanda. Jirani mmoja anasifu selekoksibu, mwingine meloksikamu. Ipi ina nguvu zaidi?

Mfamasia
Mfikishie mama shikamoo yangu. Kwa dozi kamili, dawa hizi hukaribiana sana katika kutuliza maumivu, kwa hiyo swali la nguvu halitakufikisha mbali; linganisha madhara yake. Zote huzuia vimeng'enya vya COX, yaani protini za mwili zinazoendesha kazi fulani: COX-1 husaidia kulinda utando wa tumbo, na COX-2 huchochea uvimbe. Ibuprofeni na naproksini, dawa nyingine za maumivu, huzuia vyote viwili, ndiyo maana tumbo huumia. Selekoksibu hulenga COX-2, na meloksikamu huegemea huko kwa kiasi. Diklofenaki nayo huegemea huko kuliko wengi wanavyodhani. Uchambuzi uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2013 ulionyesha kwamba miligramu 150 kwa siku, yaani dozi hiyo hiyo ya mama, huongeza hatari ya mshtuko wa moyo karibu sawa na dawa za jamii ya selekoksibu.

Mgonjwa wa baridi yabisi
Naomba kuongeza jambo, maana maelezo hayo yanaweza kumwogopesha mtu bure kuhusu selekoksibu. Sifa mbaya ya jamii hiyo ilitokana hasa na rofekoksibu (Vioxx), iliyoondolewa sokoni mwaka 2004. Utafiti wa PRECISION wa mwaka 2016, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 24,000, ulionyesha kuwa selekoksibu kwa dozi ya wastani haikuwa mbaya zaidi kwa moyo kuliko naproksini au ibuprofeni, na tumbo lilipata nafuu.

Mfamasia
Ni kweli, nakubali. Hata hivyo, kwa figo hakuna iliyo salama kati ya hizo, na zote zinaweza kupandisha presha. Je, pamoja na lisinoprili, mama anatumia dawa ya kupunguza maji mwilini? Dawa ya maumivu, lisinoprili na hiyo ya kupunguza maji kwa pamoja zinaweza kuzidhuru figo ghafla. Muulize pia kama anapata choo cheusi, ambacho huashiria damu kutoka tumboni; kama anapata, mpeleke hospitali leo hii.

Muulizaji
Choo ni cha kawaida, lakini kweli anatumia haidroklorothiazaidi, na muuza dawa hakuwahi kutuuliza. Tumesimamisha vidonge vya diklofenaki, na kesho asubuhi nampeleka kliniki apimwe figo. Je, diklofenaki ya kupaka nayo ina hatari hiyo?

Mfamasia
Ya kupaka huingia kwenye damu kwa kiasi kidogo sana, na kwa magoti husaidia vizuri. Mwulizeni daktari kuhusu hiyo kwanza, kabla ya kidonge kingine chochote.