Je, serikali ya jimbo ina haki ya kuiondoa bodi ya shule iliyochaguliwa na wananchi?

Mwanzisha mada

Ndugu wanajamvi, salaam.

Nimekuwa nikifuatilia mgogoro wa shule za Houston, Texas, na ningeomba wenye ujuzi wa utawala wa elimu wa Marekani wanifafanulie jambo moja. Tarehe 1 Juni 2023 serikali ya jimbo iliwaweka kando wajumbe tisa wa bodi ya wilaya ya shule waliochaguliwa na wapiga kura, ikateua watu tisa wa kushika nafasi zao, na kumkabidhi Mike Miles uongozi wa shule zote za wilaya. Hatua hiyo iliegemea sheria ya mwaka 2015, inayomtaka kamishna wa elimu ama aifunge shule iliyofeli miaka mitano mfululizo, ama aiondoe bodi ya wilaya nzima. Shule iliyofikisha mambo hapo ilikuwa moja, sekondari ya Wheatley, katika wilaya yenye shule zaidi ya 270. Tena kesi ya bodi kupinga kuondolewa ikiwa bado mahakamani, Wheatley ilikwisha kupanda hadi daraja la C mwaka 2022.

Ikiwa wazazi wana haki ya kuwachagua wajumbe na kuwaondoa kwa kura, kamishna ambaye hakuchaguliwa na mtu yeyote wa Houston anapata wapi uwezo wa kuitengua kura hiyo? Na je, watoto hunufaika?

Jibu la 1

Kisheria, jibu ni fupi kuliko wengi wetu tungependa. Katiba ya Marekani haitaji elimu popote, na Marekebisho ya 10 ya mwaka 1791 yaliyaachia majimbo na wananchi mamlaka yote ambayo serikali kuu haikupewa. Katiba za majimbo ndizo zinazoyapa mabunge yao wajibu wa kuanzisha shule za umma, kwa hiyo bodi ya wilaya huwa na madaraka iliyokasimiwa na bunge, na bunge likitaka huyachukua tena. Januari 2023 Mahakama ya Juu ya Texas ililiondoa zuio lililokuwa likiikinga bodi ya Houston.

Naomba pia kuongeza kwamba jimbo halikutaja Wheatley peke yake. Lilitaja vilevile mwenendo wa baadhi ya wajumbe na kasoro za muda mrefu katika huduma kwa wanafunzi wenye ulemavu, na kasoro hizo si jambo la kupuuzwa.

Jimbo la kwanza kutwaa wilaya nzima lilikuwa New Jersey, huko Jersey City, mwaka 1989. Newark ilifuata mwaka 1995, na wakazi wake hawakurudishiwa usimamizi hadi 2018. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza mwaka huo wa 1995 alimaliza shule na kuwa mtu mzima bila wazazi wake kuwa na bodi yenye kauli ya mwisho.

Jibu la 2

Ninakubaliana na maelezo ya sheria, lakini uwezo wa kisheria haujibu swali la haki. Kwangu mimi, mfano unaopaswa kukumbukwa kila jambo hili linapozungumzwa ni wa kaunti ya Arlington, Virginia. Baada ya hukumu ya Mahakama ya Juu ya taifa ya mwaka 1954 iliyoharamisha ubaguzi wa rangi katika shule za umma, bodi ya Arlington, ambayo wakati huo ilikuwa ya kuchaguliwa, ilitangaza mwaka 1956 mpango wa kuwachanganya wanafunzi hatua kwa hatua. Bunge la Virginia halikungoja mpango huo ujaribiwe. Liliwanyang'anya wakazi haki ya kuichagua bodi yao. Wanafunzi wanne weusi waliingia shule ya Stratford tarehe 2 Februari 1959, baada ya mahakama kuingilia kati, na Virginia haikuruhusu tena bodi za kuchaguliwa hadi mwaka 1992. Bodi ile haikuwa imefeli mtihani wowote wala kufuja fedha. Kosa lake lilikuwa kuitii hukumu ambayo wakubwa wa jimbo hawakuitaka.

Adhabu za namna hiyo hazijaisha. Mwaka 2021 serikali ya Florida, ya chama cha Republican, iliagiza fedha zinazolingana na mishahara ya wajumbe wa bodi zizuiwe katika kaunti za Alachua na Broward, kwa sababu bodi hizo ziliwataka wanafunzi wavae barakoa. Na wasiseme watu kwamba ni tabia ya chama kimoja: mwaka 2023 gavana wa California, wa chama cha Democratic, aliitishia bodi ya Temecula faini ya dola milioni 1.5 kwa kukataa vitabu vya masomo ya jamii.

Jibu la 3

Ndugu yangu wa Jibu la 2, Virginia hiyohiyo ina upande wa pili. Katika kaunti ya Prince Edward, viongozi wa hapohapo walikataa kutenga fedha za shule za umma, zikafungwa tangu 1959 hadi 1964 ili watoto weusi wasikae darasa moja na weupe. Watoto wengi weusi walikosa masomo miaka mitano. Nani aliyeziokoa shule hizo? Mahakama ya Juu ya taifa, chombo cha mbali kabisa na kaunti. Kwa hiyo ukaribu na wananchi peke yake hauwezi kuwa kinga dhidi ya wenye cheo cha mbali. Kwa Temecula nami nalitetea jimbo: mtoto ana haki ya kitabu kamili hata kama wajumbe watatu hawakipendi.

Jibu la 4

Kuhusu manufaa kwa watoto: watafiti Beth Schueler na Joshua Bleiberg walichunguza wilaya zilizotwaliwa kati ya 2011 na 2016, wakaona kwamba kwa wastani matokeo ya mitihani hayakuboreka. Wilaya ya Lawrence, Massachusetts, iliyotwaliwa pia, ilipanda, hasa katika hisabati. Houston nayo alama zimepanda, na ni haki kulisema hilo. Lakini maktaba za shule kadhaa zilifungwa, na Novemba 2024 wapiga kura waliukataa mkopo wa dola bilioni 4.4 ambao shule zenyewe zinauhitaji. Walimnyima kibali Miles, mtu ambaye hawakuwa na njia nyingine ya kumwajibisha.

Mwanzisha mada

Nashukuruni nyote. Mfano wa Prince Edward umenifanya niliache dai langu kwamba bodi isiguswe kamwe. Hata hivyo, naona Prince Edward ilihukumiwa na mahakama, ambako kila upande ulisikilizwa na sababu zikaandikwa, ilhali Houston imeongezewa muda hadi Juni 2027 kwa uamuzi wa kamishna yuleyule aliyewateua wasimamizi. Kwa nini sheria isimtake kwanza aende mbele ya jaji?