Leseni mpya ya trekta za miwa: tuende Ikulu au Bungeni?

Mwana_Mumias: Wadau, hamjambo. Kuna kanuni za wizara zimechapishwa kwenye Gazeti Rasmi la Kenya, kila trekta ya kubeba miwa ilipiwe leseni. Chama kimegawanyika. Wazee wanataka tumwone Rais, vijana wanataka mbunge alete mswada. Tushike lipi?

Karani_Kisumu: Yote mawili yatawachelewesha. Mswada hata ukipita, Rais ana siku 14 za kuutia saini au kuurudisha, na Bunge likitaka kumshinda ni thuluthi mbili: wabunge 233 kati ya 349. Lakini kanuni ya waziri ikibatilishwa kwa azimio la Bunge, azimio hilo haliendi Ikulu kutiwa saini.

Anzeni na kifungu cha 11 cha Sheria ya Hati za Kisheria, 2013. Waziri ana siku 7 za vikao, tangu kuchapishwa, kumfikishia Karani wa Bunge nakala ili iwasilishwe mezani. Isipowasilishwa, kanuni hufa, ingawa yaliyofanywa kabla ya hapo hayatanguki. Msihesabu kwa kalenda ya ukutani: Bunge likiwa likizoni siku hazisongi. Tafuteni katika kumbukumbu za vikao, kwenye karatasi zilizowasilishwa mezani. Tumieni namba ya tangazo la kisheria, maana vichwa hufanana mno.

Nyando_Miwa: Na kama waziri aliwahi?

Karani_Kisumu: Basi kimbieni kwa Kamati ya Sheria Ndogo, ile ya Bunge inayokagua kanuni za mawaziri. Ina siku 28 tangu ikabidhiwe kanuni, isipoongezewa muda. Ikinyamaza, kanuni inahesabiwa kuwa sawa. Wengi huumia hapa, kwa sababu wanapeleka ardhilhali, yaani ombi rasmi kwa Bunge, nayo ina foleni yake. Pelekeni memoranda, yaani maoni yenu kwa maandishi, kurasa mbili zatosha. Msilie kuhusu bei ya dizeli. Ulizeni: ni kifungu gani cha sheria mama, ile iliyompa waziri uwezo wa kutunga kanuni, kinachomruhusu waziri kutoza ada hii? Ibara ya 210 ya Katiba inakataza ada ya leseni isiyo na msingi katika sheria. Halafu ulizeni wakulima walishauriwa lini, na taarifa ya athari za gharama iko wapi.

Wakili_Kakamega: Naongezea. Kilimo kiko pia mikononi mwa kaunti, Jedwali la Nne la Katiba, kwa hiyo seneta wenu apate nakala.

Siku 28 zikishapita ndipo ardhilhali inafaa. Kiswahili kinakubalika. Semeni mlishalalamika wapi na mkajibiwa nini, na kama kuna kesi kortini. Majina, namba za vitambulisho na sahihi au alama za vidole viandikwe kwenye karatasi yenyewe. Msibandike orodha ya mkutano wala kuambatisha barua.

Ila Karani_Kisumu, siku 7 zikipita bila kitu mezani, mimi singengoja kamati. Ningeenda Mahakama Kuu na nakala ya Gazeti pamoja na kumbukumbu za vikao.

Mwana_Mumias: Tangazo lilitoka Bunge likiwa likizoni, kwa hiyo siku bado zipo. Memoranda tunaianza leo jioni. Asanteni.

Karani_Kisumu: Hakikisheni nakala yenu imegongwa muhuri wa kupokelewa, wenye tarehe.