Tukisema "kila jamii na mila zake", Minik angemdai nani?

Wakuu, kwenye mjadala wa juzi kuhusu mila, mwenzetu mmoja alifunga mazungumzo kwa hoja moja: anthropolojia, yaani elimu ya binadamu na tamaduni zao, imeshafundisha kwamba mgeni hana haki ya kuhukumu utamaduni wa watu. Napinga, na shahidi wangu ni mwasisi wa fikra hiyo huko Marekani, Franz Boas.

Boas alikuta wasomi wamewapanga binadamu kwenye ngazi. Lewis Henry Morgan, mwaka 1877, aliweka ushenzi chini na ustaarabu juu. Mwaka 1887 Boas akabishana na watu wa makumbusho ya Washington: msijaze pinde za dunia nzima kwenye kabati moja, wekeni vyombo vya watu pamoja, maana chombo huelezwa na maisha ya wanaokitumia. Hapo namuunga mkono kwa moyo wote. Sisi Waafrika tuliwekwa chini kabisa kwenye ngazi ile.

Sasa tazameni New York, 1897. Mvumbuzi wa nchi za barafu, Robert Peary, alileta Wainuiti sita, wenyeji wa kaskazini ya mbali, kutoka Greenland. Boas, aliyekuwa akifanya kazi makumbusho ya jiji hilo, alikuwa ameomba aletewe mmoja. Ndani ya miezi michache wanne walifariki, akiwemo Qisuk, baba wa mtoto Minik. Ili mtoto atulie, watu wa makumbusho walifanya mazishi ya uongo: gogo lilifungwa kama maiti, likalazwa uani jioni, likafunikwa mawe kama wafanyavyo kwao. Mifupa ya baba ilibaki makumbusho. Minik alipojua ukweli aliidai, akafa mwaka 1918 bila kuipata. Ilirudishwa Greenland mwaka 1993.

Yaani desturi ya watu wale ilijulikana vizuri kiasi cha kuigizwa mbele ya yatima wao! Na mwaka 1909 Boas alilitetea tendo hilo hadharani.

Ndugu yangu wa juzi, kwangu mimi kazi ya fikra hii ni kutuzuia tusihukumu kabla ya kuelewa. Baada ya kuelewa, hukumu ipo. Boas mwenyewe aliwapinga Wanazi hadi alipofariki mwaka 1942, hakusema ni mila za Wajerumani. Kama unakataa, nijibu hili: mtoto yule angesimama kwenye kipimo gani kudai mifupa ya baba yake, cha kwao au cha wale walioificha?