MREJESHO: Mama na mazoezi ya kisukari

Wakuu habari zenu, niliuliza kama mama mwenye kisukari aina ya pili aendelee na mazoezi huku anameza glibenklamidi (vidonge vya kushusha sukari), maana akitembea kidogo tu anatetemeka na jasho jembamba linamtoka. Tumeenda kliniki, daktari kasema ile ni sukari kushuka, dawa yenyewe inaishusha na misuli ikifanya kazi nayo inavuta sukari kwenye damu, na mama alikuwa anatoka alfajiri hajatia kitu tumboni!! Dozi kampunguzia, matembezi sasa ni baada ya kula, anapima kwanza, ikisoma chini ya 5 mmol/L anakula ndizi anasubiri kidogo, na mfukoni habanduki na glukosi. Lengo ni dakika 150 kwa wiki, tunapanda taratibu.

Kingine jamani miguu, raba na soksi sio kandambili, akirudi namkagua mpaka katikati ya vidole kwa sababu ana ganzi, akichubuka hasikii. Kutetemeka kumeisha kabisa, nimefurahi mno. Mliosema aache mazoezi, daktari kakataa katakata. Wa insulini muulizeni daktari wenu kwanza, dozi zake ni tofauti. Asanteni sana.