SGR: Hata sisi tusiopanda treni twalipa, na bado twaambiwa tushukuru

Jamani, habari zenu. Nina hasira na SGR, hii reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi, nawaambia mapema, kwa hivyo asiyetaka makelele apite.

Wiki iliyopita nimetoa mzigo wangu bandarini Kilindini, hapa Mombasa. Vipuri vya tuktuk tu, si kitu cha kutisha: brekishuu, bushi, nyaya za klachi, mataa ya nyuma. Thamani iliyokubaliwa na forodha ni laki nane. Wakala wangu akanitumia hesabu, nikaisoma mstari kwa mstari kama mtu anayesoma barua ya talaka. Ushuru wa forodha upo. VAT ipo. Ada ya tamko la uagizaji ipo. Halafu hapo chini, imejikunyata kama paka aliyeiba samaki: ushuru wa maendeleo ya reli, asilimia 2. Shilingi 16,000.

Mzigo wenyewe ulitoka bandarini ukaenda Mwembe Tayari kwa pikapu, na kutoka kwenye pikapu ukaingia dukani kwa mkokoteni. Reli haujaiona hata kwa mbali. Stesheni ya SGR ya Miritini haujafika. Lakini umelipia reli. Kwa nauli ya sasa ya 1,500, pesa hiyo yanunua tiketi kumi za daraja la kawaida kwenda Nairobi na chenji ya maji yabaki. Mimi nimenunua tiketi kumi za safari ambayo hakuna aliyesafiri.

Na msidhani mimi ni tajiri nalilia mali yangu. Hiyo 16,000 naiweka kwenye bei. Mwenye tuktuk aitoa mfukoni, kisha aiweka kwenye nauli. Mama anayetoka Kongowea na gunia la viazi ndiye anayeimalizia. Mama huyo hajawahi kukanyaga behewa la Madaraka Express, treni ya abiria ya SGR, na sidhani atakanyaga.

Ushuru huu ulianza 2013 kwa asilimia 1.5. Mwaka 2019 ukapandishwa hadi 2. Mwaka 2023 ukateremshwa tena, watu tukapumua. Desemba 2024, kimya kimya wakati watu wako kwenye shamrashamra za mwisho wa mwaka, ukarudishwa 2. Yaani ni kama mwenye nyumba anayekupunguzia kodi ili uache kulalamika, halafu anakuongezea ukiwa msibani.

Tuliambiwa nini mwanzoni? Tuliambiwa reli itajilipa. Mzigo utapanda treni, treni italipa mkopo, malori yatapungua barabarani. Hiyo ndiyo hadithi tuliyouziwa Mei 2014 mikataba ya mkopo na benki ya Exim ya China ilipotiwa saini. Mchina atoa asilimia 90, sisi kumi. Kilomita 472 kutoka Mombasa hadi Nairobi, shilingi bilioni 327. Gawanyeni wenyewe: karibu milioni 700 kwa kila kilomita moja. Na hizi ni kilomita za treni ya dizeli, ya njia moja. Kampuni iliyofanya upembuzi yakinifu wa kwanza, bure, chini ya makubaliano ya 2009, ndiyo hiyo hiyo iliyopewa kujenga. Wewe ukimwita fundi akukagulie paa, naye ndiye atakayelijenga, atakwambia paa ni zima? Benki ya Dunia nayo ilisema wakati ule kwamba kukarabati reli ya zamani kungekuwa rahisi zaidi. Haikusikizwa.

Mwaka wa kwanza wa kazi ukaisha na hasara ya karibu bilioni 10. Sasa hapo mtu mwenye akili angekaa chini apige hesabu upya. Wao wakafanya nini? Wakatafuta mzigo kwa nguvu.

Hapa ndipo ninapowaka, kwa sababu hapa nilikuwapo. Mwaka 2019 nilikuwa karani katika yadi moja ya makontena hapa Mombasa. Sitaitaja, mwenyewe hakuwa na kosa kubwa, naye alikuwa amekabwa koo. Agosti ile likatoka agizo: mzigo wote wa kwenda Nairobi na bara upande SGR, ukatolewe bandari kavu ya Embakasi, Nairobi. Mwenye mzigo asiulizwe. Kontena lako, pesa zako, lakini njia ya kulipeleka huchagui wewe. Bandari ilishatia saini zamani kuihakikishia reli mzigo wa kutosha, na saini hiyo ilikuwa lazima iheshimiwe hata kama mji mzima utalala njaa.

Kontena likifika Embakasi bado lahitaji lori la kulipeleka godauni. Kwa hivyo mteja alipa treni, kisha alipa lori, kisha alipa siku za kusubiri. Zamani lori moja lilibeba mlango kwa mlango. Wateja wetu walikuwa wakipiga simu wakitukana, na sisi hatuna la kuwajibu.

Yadini tulikuwa tumezoea kelele za forklifti mpaka usiku. Kufikia Septemba ulikuwa wasikia kunguru. Tulianza kupunguzwa, kwanza vibarua, kisha madereva, kisha makarani. Mimi niliondoka kundi la tatu. Mariakani na Mtito Andei, miji ya njiani malori yalikosimama, wale kina mama waliokuwa wakiuza chai na chapati kwa madereva na mataniboi, nani aliwahesabu? Treni haisimami kununua chapati.

Vijana wakaandamana Mombasa kila Jumatatu, wakapigwa mabomu ya machozi, na mwanzoni mwa Oktoba agizo likasitishwa. Lakini kusitishwa kwa karatasi si kurudi kwa kazi. Mpaka Septemba 2022 Rais Ruto alipoapishwa ndipo akatangaza kwamba shughuli za kutoa mzigo zirudi Mombasa. Nilipiga makofi siku hiyo, sikatai. Lakini katika miaka hiyo mitatu nilikuwa nimeshauza pikipiki yangu.

Najua kuna mtu atakuja hapa kuniambia "lakini treni ni safi, lakini watoto walala, lakini ajali zimepungua". Ndugu yangu, mimi mwenyewe nimeipanda. Ni safi. Wahudumu wana adabu. Yafika kwa saa. Ukiangalia dirishani Tsavo waona ndovu. Sina ugomvi na behewa. Lakini nauli ilianza 700 mwaka 2017, ikawa 1,000, Januari 2024 ikawa 1,500. Daraja la kwanza ikaruka kutoka 3,000 hadi 4,500. Halafu washushwa Syokimau, nje ya Nairobi, na ukirudi washushwa Miritini, uanze kutafuta matatu na begi kichwani. Reli ya mkoloni ilimfikisha mtu mjini. Hii ya kisasa yamfikisha karibu na mjini.

Na deni? Mkopo ni wa dola, nauli ni ya shilingi. Wakati wa kusaini dola ilikuwa chini ya shilingi 90. Mapema 2024 ilifika 160. Ongezeni kwamba sehemu ya mkopo ilikuwa ya kibiashara, riba yake LIBOR, yaani riba ya mabenki ya London, na juu yake asilimia 3.6, yaani soko la London likikohoa, sisi huku twashikwa na homa. Oktoba 2025 serikali ikasema imegeuza madeni hayo kutoka dola kwenda yuan ili kupunguza mzigo. Sawa, twashukuru kwa afueni. Lakini aliyekubali masharti hayo mwanzo yuko wapi? Mikataba yenyewe tuliambiwa ni siri. Uhuru, rais wa wakati huo, aliahidi mwishoni mwa 2018, kwenye runinga, kwamba angeitoa. Hakuitoa. Mpaka Murkomen, waziri wa uchukuzi wa wakati huo, alipoweka hadharani baadhi ya karatasi Novemba 2022, na humo ndipo tukaona: sheria inayotumika ni ya China, na ugomvi waamuliwa Beijing. Mimi nikikopa elfu ishirini kwa chama cha mtaani, wanisomea masharti mbele ya wanachama wote.

Mahakamani pia tulienda, si kwamba Wakenya walilala. Mwanaharakati Omtatah na Chama cha Wanasheria walipeleka kesi. 2020 Mahakama ya Rufaa ikasema ununuzi ule haukufuata sheria. Reli ilikuwa imeshajengwa. 2023 Mahakama ya Juu ikapindua.

Kipande cha kutoka Nairobi kwenda Naivasha sitakitaja sana, nitapandisha presha. Kilomita 120, bilioni 150. Nakubali kuna mahandaki na milima ya Ngong. Lakini mwisho wake ni Suswa, nyikani, kwa sababu Mchina alikataa kuendelea kutoa pesa za kufika Kisumu. Kontena la Uganda likifika huko lateremshwa, lapakiwa kwenye ile reli nyembamba ya Mwingereza iliyofika Kisumu 1901. Babu mzee ndiye anayembeba kijana mgongoni.

Msinitajie Tanzania, tafadhali. Yao ni ya umeme na inafika Dodoma, hongera zao. Nao walianza 2017 na abiria wakapanda 2024, kwa mikopo pia. Kila mtu na kilio chake.

Sasa twaambiwa reli itaendelea Kisumu mpaka Malaba, na pesa zitatoka wapi? Kwenye ushuru ule ule wa maendeleo ya reli. Waukopee leo, tuulipe miaka ijayo. Yaani 16,000 yangu ya wiki iliyopita imeshawekwa rehani kabla sijauza hata taa moja.

Wenye mizigo mlio Mombasa na Lamu, ambao bidhaa zenu haziondoki Pwani: fungueni karatasi zenu, tazameni huo mstari, mwandike hapa mmelipa ngapi mwaka huu. Mimi nimeanza. Mzigo mmoja, 16,000, na mwingine watarajiwa mwezi ujao.