Ncha ya tangsteni inayeyuka: mashine ya TIG ipangweje kwa kazi za kila siku?

Fundi Mageti
Mafundi wenzangu, habari za kazi. Kwa miaka mingi nimechomelea mageti na madirisha kwa rodi, na sasa nimenunua mashine ya TIG (inayochomelea kwa ncha ya tangsteni, metali isiyotakiwa kuyeyuka, huku gesi ikikinga mshono) ya ampea 200 ili nipokee kazi za reli za ngazi za stenlesi, ambazo mabomba yake yana unene wa milimita 1.5. Nikiwasha moto tu, ncha ya tangsteni inayeyuka na kuwa kitone, na mshono unatoka mweusi wenye vitundu kama mkate wa kumimina. Nimeweka ampea 90, na tochi nimeichomeka kwenye chanya kama nilivyozoea kwa rodi. Ningependa mashine ipangwe vizuri ili hata kijana wangu wa karakana aiwashe asubuhi na kuanza kazi bila kunisubiri.

Mzee wa Argoni
Ndugu yangu, kosa umelitaja mwenyewe. Katika mkondo wa DC (umeme wa mwelekeo mmoja), upande wa chanya ndio unaobeba sehemu kubwa ya joto, kwa hiyo tochi ikikaa huko inaunguza tangsteni badala ya bomba. Hamishia tochi kwenye hasi na klampu ya kazi kwenye chanya. Tangsteni ya milimita 1.6 inatosha, isage upya iwe kama penseli iliyochongwa, na mikwaruzo ya jiwe ifuate urefu wake, kwa sababu ikiizunguka ncha moto utayumba. Ampea 90 zitatoboa bomba hilo. Anza na 45 hadi 55. Ikiwa bomba ni la stenlesi ya daraja la 304, tumia waya wa kujazia mshono wa aina ya 308L.

Dada Karakana
Naongezea suala la gesi, kwani weusi na vitundu mara nyingi hutoka huko. TIG inataka argoni tupu. Mtungi wa argoni iliyochanganywa na kaboni dayoksaidi ni wa mashine za MIG (zinazochomelea kwa waya unaojisukuma wenyewe), na ukiutumia hapa tangsteni itaharibika hata kama waya zote ziko sawa. Weka lita 8 kwa dakika, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio ya mpira uone kama linatoa mapovu.

Fundi Mageti
Nashukuru sana. Nimegeuza waya na ncha sasa inabaki kali. Gesi ni argoni tupu, lakini mshono bado ulikuwa wa kijivu hadi nilipozima feni iliyokuwa ikipuliza kutoka mlangoni; sasa unatoka na rangi ya dhahabu. Nilijaribu kuongeza gesi hadi lita 20 nikidhani ningeushinda upepo, ikawa vibaya zaidi.

Mzee wa Argoni
Gesi ikitoka kwa kasi mno hujizungusha na kuvuta hewa ya nje, ndiyo maana. Sasa panga gesi iendelee kutoka kwa sekunde 6 hivi baada ya moto kuzimika, na mfundishe kijana asiondoe tochi mpaka ikome. Vipimo hivyo viandike kwa kalamu ya rangi ubavuni mwa mashine. Kazi ya bomba la kupitisha maji ya kunywa ni habari nyingine, kwa kuwa huko lazima upitishe argoni hata ndani ya bomba.